Picha Safi ya Siku ya Kwanza

Ndugu zangu, habari za mchana. Mashine za MRI, zile za kupiga picha kwa sumaku, nitazifikia; najua wengine mmekuja kuziona hizo tu. Kwanza tumalizane na habari ya saa ya kumpiga mtoto mchanga picha ya ubongo.

Mtoto amezaliwa amechoka. Amepumuliwa kwa mfuko na barakoa, amelia kwa taabu, na saa nane baadaye degedege limeanza. Altrasaundi inasukumwa hadi kitandani, kichwa kinapimwa, picha ni safi. Kwenye faili panaandikwa "ubongo kawaida", na siku chache baadaye mama anaruhusiwa na furaha yake. Hili nimelisema hadi wanaoleta chai hapa wamelikariri: ubongo uliokosa hewa hauonyeshi jeraha lote siku hiyo hiyo. Mtoto ameshaanza kupumua, lakini seli zinaendelea kufa kwa saa nyingi, hata siku kadhaa. Ule weupe wa thalamasi na viini vya kati, yaani sehemu za ndani kabisa za ubongo, unaoutafuta kwenye altrasaundi kwa kawaida hujitokeza baada ya saa 24 hadi 48, na siku ya tatu au ya nne ndipo unaonekana vizuri.

Sasa yuko mmoja anataka kuniambia: "Lakini vyumba vya maji vya ubongo vilikuwa vyembamba kama uzi, si ndiyo ubongo kuvimba huko?" Si lazima. Watoto wengi wazima waliotimiza miezi yao huwa na vyumba vyembamba siku ya kwanza. Wembamba peke yake usiuandikie uvimbe. Angalia kama mikunjo ya ubongo nayo imefifia.

Mwingine atauliza, basi ya siku ya kwanza tunapiga ya nini? Tunapiga ili kuona ya zamani. Ukikuta vifuko vya maji ndani ya nyama ya ubongo, au chembe za chokaa, siku ile ile aliyozaliwa, jeraha hilo halikuanza leboni. Na huenda kuna mkunga ameshaanza kulaumiwa huko wodini. Kwa hiyo piga siku ya kwanza, rudia siku ya tatu au ya nne, rudia tena karibu na siku ya saba. Njiti wana kalenda yao: damu nyingi huvuja ndani ya saa 72 za mwanzo, ilhali vifuko vya maji kwenye sehemu nyeupe ya ubongo huchukua wiki mbili hadi nne kuonekana. Aliyepimwa mara moja tu siku ya tatu hajamaliziwa vipimo.

Kuhusu mkono wako. Probu, kile kishikio cha altrasaundi unachokiweka kichwani, ikiwa ni ya tumbo ya watu wazima iache. Uso wake ni mpana, hautulii utosini. Tafuta yenye uso mdogo, megahetsi 5 hadi 8, na kwa njiti hata 10. Jeli iwe ya vuguvugu. Anzia mbele karibu na macho, laza probu taratibu hadi kisogoni, kisha igeuze upite katikati na pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa mweupe kuliko mwingine, kabla ya kutangaza ugonjwa hakikisha hukuinamisha probu. Serebela, ubongo mdogo wa nyuma, ipime kwa kupitia nyuma ya sikio, maana kutoka utosini iko mbali.

Na usikandamize! Ukikandamiza utosi, damu inayopita kati ya pigo moja la moyo na jingine inapungua, na kipimo cha ukinzani wa mishipa kinapanda. Kipimo chenyewe ni rahisi: kasi ya juu ya damu toa ya chini, gawa kwa ya juu. Juu 40, chini 20, jibu 0.50. Baada ya saa 24, chini ya 0.55 ni dalili mbaya. Ukikandamiza, 0.50 hiyo inaweza kusomeka kama ya mtoto mzima. Kwa mtoto anayeshushwa joto la mwili kama tiba, namba hii usiiamini sana.

Haya, MRI ya magurudumu. Swoop, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, ina nguvu ya sumaku ya militesla 64 na inachomekwa kwenye soketi ya ukutani. Mbarara, Uganda, mwaka 2022 waliunganisha ya kwao ya militesla 46 kutoka vipande. Nzuri sana. Lakini vipande vya picha ni vinene, milimita tano hivi kwenye Swoop, na kichwa cha mtoto mchanga ndani ya koili ya mtu mzima, ile kofia inayonasa mawimbi, kinatoa mawimbi hafifu. Damu nyingi na maji kichwani utaviona. Jeraha dogo la thalamasi linaweza kukupita. Kabla ya picha mnyonyeshe, mfunge kwa kanga, tuliza kichwa kwa vitambaa. Na sumaku ndogo bado ni sumaku: mtungi wa oksijeni wa chuma ubaki mbali.

Bei na mafunzo nayaacha, mwenyekiti ananionyesha saa yake. La umeme tu: picha ikija na mistari, kabla ya kumpigia fundi, zima kwa muda taa ya kutibia manjano iliyo jirani, hamishia pampu ya sindano kwenye betri, chomoa chaja ya simu ya daktari wa zamu, kisha piga tena.