Kibao Kwanza, Maana Baadaye
Mhadhara kwa walimu wa sayansi wa shule za msingi, Tanga

Walimu wenzangu, nitasema tena lile lile, na nitalisema mpaka liingie. Mtoto akiandika daftarini kwamba msuguano ni kani inayopinga mwendo wa vitu vinavyogusana, hajajifunza msuguano. Amejifunza mwandiko. Hiyo maana ije kipindi cha tatu, mkono wake ukishachoka kuvuta.

Anzeni na kibao. Mwambie seremala wa Ngamiani akukatie mbao ya mbili kwa nne, sentimita 20, aipige randa pande zote. Pande zote! Upande mmoja ukibaki na makovu ya msumeno, jaribio limekufa. Kigongomee msumari mdogo kichwani. Kisha tyubu: mji huu wa baiskeli, tyubu kuukuu haikosekani kwa fundi. Kata ukanda wa upana wa milimita 5, urefu sentimita 20. Ndiyo mizani yenu. Uning'inize kando ya rula, ufunge chupa ya maji ya nusu lita, tia maji mililita 100, weka alama mpira ulipofikia, ongeza 100 nyingine, weka alama. Kila mililita 100 ni gramu 100, yaani karibu nyutoni 1, nyutoni ndiyo kipimo cha kani. Chupa tupu ni nyepesi, kwa darasa la tano haidhuru. Ila mpira huchoka. Ukivutwa sana au ukiachwa juani, alama zinahama. Upimeni upya kila kabla ya kipindi.

Sasa, kabla ya kuvuta, mtoto aseme. Kibao kikilala kinagusa meza karibu sentimita za mraba 200. Kikilazwa ubavu, 100. Kipi kigumu kuvuta? Wengi watasema cha kulala. Andikeni ubaoni walivyosema, msiwasahihishe, halafu wafunge ukanda wa mpira kwenye msumari, wavute. Polepole, mpira ukiwa sambamba na meza. Hapa ndipo panapoharibika: mkono ukiinuka kidogo, sehemu ya kani inakibeba kibao badala ya kukiburuza, namba inashuka, na mtoto anaondoka na uongo. Wasome kibao kinapong'oka, kisha wasome kikiwa kinakwenda; ya pili itakuwa ndogo. Sasa linganisheni: kilale, kisimame ubavu, namba zinakaribiana mno. Darasa litabishana. Liacheni libishane! Ongezeni kibao cha pili juu ya cha kwanza: namba inakuwa maradufu. Kinachohesabika ni uzito unaokandamiza, upana hauna neno. Guillaume Amontons, Mfaransa, alilieleza hili mwaka 1699, na mpaka leo tunawapa watoto sentensi badala ya kibao.

Najua swali linalokuja, naulizwa kila ninapokwenda: mbona tairi pana hushika zaidi? Mwalimu, mpira laini haufuati kanuni hii sawasawa kama mbao. Unajibonyeza ndani ya vijishimo vya lami, na ukubwa wa mguso unakuwa na kazi. Ndiyo maana nasema kibao cha mbao, si kifutio.

Na la pili: darasa lina watoto 80. Futi 7 za mbao zinatoa vibao 10. Wanane kwa kibao: mmoja avute, mmoja asome rula, mmoja aandike, mmoja achungulie kama mpira umelala sawa, kisha wapokezane. Hakuna maabara inayohitajika hapo.

Mchanga nao. Kwenye sakafu ya niru nyunyizieni mchanga mkavu wa ufukweni, kiasi cha kijiko, usambae. Watoto watangoja kibao kikwame; mara nyingi kitateleza, kwa sababu chembe zinabingirika chini yake. Mchanga ukiwa mwingi au mbichi, kitakwama kweli, na hapo mnalo somo jingine. Halafu wekeni penseli sita za mviringo chini ya kibao, si zile za pembe sita. Mpira hautavutika hata nyutoni 1. Mtoto wa mvuvi atawaambia mwenyewe kwa nini ngalawa hupandishwa pwani kwa magogo.

Breki za baiskeli, mteremko, vigari vya makopo, hayo nilikuwa nayo lakini saa imekwenda. La baiskeli ni dakika moja: pindueni baiskeli, zungusheni gurudumu, hesabuni sekunde mpaka lisimame, kisha tieni grisi kwenye ekseli mhesabu tena.

Vibao vinne viko mezani, na mipira yake. Aanze yule ambaye bado anaamini kibao kikisimama ubavu kitakuwa chepesi kuvuta.