Tairi Linalosugua: Pima Kwanza, Nyundo Baadaye

Mhadhara kwa mafundi na wenye magari, Busia, upande wa Uganda

Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana wa gereji mliofunga kazi mapema ili mfike hapa, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie rimu za kununua na matairi yanayosugua bodi. Naomba nianze na lile linaloniuma zaidi.

Gari likifika gereji linasugua, kitu cha kwanza kushikwa ni nyundo au grainda. Fenda inagongwa, plastiki ya ndani inakatwa, mwenye gari analipa na kuondoka. Halafu anarudi analalamika, kwa kuwa tairi lilikuwa linagusa upande wa ndani, kwenye shokomzoba, na hakuna aliyechungulia huko. Sasa gari lina kasoro mbili: ile ya zamani na fenda iliyopindwa bure. Ninachowaomba leo ni kimoja tu. Usikate wala kugonga chochote mpaka uweze kusema tairi linagusa wapi, linagusa wakati gani, na ni milimita ngapi zinazokosekana.

Wengine husema ni kelele tu, mtu atazoea. Hapana. Mikanda ya chuma ya tairi la gari dogo iko chini ya kashata, mahali linapokanyaga barabara. Ubavuni hakuna. Ubavuni kuna nyuzi na raba nyembamba juu yake. Ukingo wa fenda ukila kashata, utalipia tairi. Ukila ubavu, tairi linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo kati ya Bugiri na Iganga, lori likija mbele yako, na watoto wamekaa kiti cha nyuma. Kwa hiyo ukiona mstari unaong'aa ubavuni, au nyuzi zimeanza kuonekana, tairi hilo halirudi barabarani, hata kama kashata bado ni mpya.

Tuje kwenye kutafuta. Chukua chaki, paka bega la tairi na ubavu wake wa nje na wa ndani, kisha endesha polepole. Zungusha usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, mbele na kinyumenyume. Pita kwenye tuta. Rudi uangalie chaki imefutika wapi. Halafu fanya lile ambalo mafundi wengi hawalifanyi: pakia gari. Gari tupu gerejini halisemi ukweli. Waombe watu wanne wapande, weka magunia kwenye buti, maana ndivyo litakavyotoka Mbale siku ya soko. Matairi mengi ya nyuma hayasugui kamwe mpaka gari lijae.

Ukitaka kujua nafasi iliyobaki, bandika donge la udongo laini wa mfinyanzi chini ya ukingo wa fenda, upite tena kwenye tuta, kisha pima unene wa udongo uliobaki. Pia unaweza kupandisha gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia juu ya mbao nene, ili springi za pembe hizo mbili zibonyee, kisha uzungushe usukani na kumulika kwa tochi. Usisahau ndani: shokomzoba, kikalio cha springi, mkono wa chini, mpira wa breki na waya wa ABS, ile breki inayozuia gurudumu lisijifunge. Mpira wa breki ukiguswa na tairi, gari hilo lisitoke gerejini siku hiyo.

Kabla ya kuilaumu rimu, angalia gari lenyewe. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na barabara zetu zimeyamalizia. Pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu ambacho rimu inafungwa, mpaka ukingo wa fenda, kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa chini, springi imechoka au shokomzoba imekufa. Tikisa bushi, zile raba za kwenye maungio ya chini. Gari lenye bushi zilizokwisha linaweza kusugua hata na rimu za kiwandani.

Sasa hesabu, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu fedha nyingi hupotea hapa. Kila rimu ina upana, unaoandikwa kwa inchi na herufi J, na ina ofuseti, inayoandikwa ET. Ofuseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Namba ikishuka, gurudumu linatoka nje. Ikipanda, linaingia ndani. Chukua rimu ya zamani ya 6J, ET45. Umenunua ya 7.5J, ET35. Upana umeongezeka inchi 1.5, yaani milimita 38, nusu kila upande, 19 na 19. Ofuseti imesukuma kila kitu nje milimita 10. Basi ukingo wa nje umesogea 29 kuelekea fenda, na wa ndani umesogea 9 kuelekea shokomzoba. Hesabu hii inafanyika kwa kalamu ukiwa bado Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kabla hujatoa hata shilingi.

Halafu tairi. Toyota Premio nyingi hapa zinavaa 195/65R15, yaani upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Kipenyo chake ni milimita 634. Mtu anapanda rimu za inchi 17 na muuzaji anampa 215/55R17, ambayo ina 668. Tairi limepanda milimita 17 kila upande wa habu, ni rahisi liguse, na mshale wa spidi ukisema 100 wewe unakwenda 105. Angechukua 225/45R17, kipenyo kingebaki 634, tatizo likabaki upana tu. Kwa 205/50R17 ni 637, na ni nyembamba kuliko ile ya 225. Kwa gari la namna hii, ningeanzia hapo.

Lakini kuna mtego mwingine. Anayekimbia kusugua huenda kwenye tairi dogo zaidi, 205/45R17. Kweli halisugui. Soma ile namba ya uzito ubavuni. Tairi la zamani lenye 91 linabeba kilo 615. Ukiletewa lenye 84, linabeba 500. Umepoteza kilo 115 kwa kila tairi, na wewe ni mtu wa magunia. Mimi simfungii mteja tairi la namba ndogo kuliko ya kiwanda, hata akinisihi.

Marekebisho yenyewe nitayapitia kwa kifupi, kwa sababu ukishajua mahali, dawa inajulikana. Likigusa plastiki ya ndani kidogo usukani ukiwa mwisho, pasha plastiki joto, isukume nyuma, sogeza kishikizo. Usiing'oe yote, kwa kuwa ndiyo inayozuia matope yasifike kwenye nyaya na kwenye kizingiti cha mlango. Likigusa ukingo wa fenda likiwa na mzigo, kwanza tafuta skrubu ya bampa inayochungulia pale. Mara nyingi ni hiyo peke yake. Likigusa kwa sababu gari limekaa chini, weka springi nzima zinazofaa gari hilo. Zile raba zinazochomekwa kati ya misokoto ya springi sizipendi hata kidogo. Na rimu ikiwa imezidi kabisa, irudishe au iuze. Najua hakuna anayetaka kusikia hivyo.

Naona kijana wa pale nyuma ameinua mkono. Sema, mwanangu.

Anauliza: tairi likigusa shokomzoba, si tuweke speisa tu, lile bamba la kati ya rimu na habu?

Inawezekana, ila kwa masharti. Speisa inasukuma gurudumu nje, kwa hiyo hakikisha huhamishi ugomvi kutoka shokomzoba kwenda fenda. Pili, speisa nyembamba inakula uzi wa stadi, zile bolti za habu zinazoshika nati. Stadi ya Toyota ni milimita 12, na kila mzunguko wa nati ni milimita 1.5. Nati ikae angalau mizunguko 8 kamili. Speisa ya milimita 5 imekunyang'anya zaidi ya mizunguko 3. Ihesabu kwa mkono kabla ya kukaza. Mizunguko ikipungua, weka stadi ndefu, au speisa nene yenye stadi zake inayofungwa kwenye habu. Na tundu la katikati la rimu likae sawasawa kwenye habu. Subaru nyingi zenye stadi 5 kwa 100, yaani stadi tano kwenye duara la milimita 100, zina habu ya milimita 56.1, Premio ina 54.1. Rimu ya Subaru ukiifunga kwenye Premio inaingia, lakini inalegea milimita 2, na usukani utatetemeka mpaka uweke pete ya katikati. Ya Premio kwenye Subaru haiingii. Msiichonge.

Ndiyo, mama.

Anauliza kuhusu fenda: je, kuna namna ya kuikunja isiharibike rangi?

Ipo, mama. Ukingo wa ndani unapashwa joto kwanza kwa hewa moto, kisha unakunjwa kidogo kidogo kwa rola inayofungwa kwenye habu, raundi nyingi, kila mara ukipasha tena. Rangi baridi hupasuka, maji yanaingia, na kutu inaanza mahali usipopaona. Akimaliza, fundi apake rangi ya kuzuia kutu kwenye mkunjo huo siku hiyo hiyo. Fundi akikujia na nyundo na kipande cha mbao, mwambie asubiri, umuulize kwanza amepima wapi. Na ukitoka hapo, alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ifanywe, nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 100, maana rimu mpya hukaa vizuri ikishatembea, na nati hulegea.