Salvia: Kabla ya Kumwagilia, Uliza Kwao Wapi

Mche huo wa salvia unaozunguka mikononi mwenu, uviringisheni bua kati ya vidole. Mnazihisi pembe nne? Ndugu yake mnanaa huyo, na mrehani pia. Salvia ziko karibu aina 1,000. Chia mnayoloweka asubuhi ni salvia ya Mexico na Guatemala, na rozimeri ya kwenye nyama nayo wataalamu waliihamishia kwenye kundi la salvia mwaka 2017.

Tatizo ninaloulizwa sana ni hili: ya jirani inanawiri, yangu inakufa. Mara nyingi kinachoua ni maji, kwa sababu tunazitunza zote namna moja. Salvia nyekundu ya vitaluni, Salvia splendens, kwao Brazil. Hiyo mpe mboji, usiiache ikauke, na kama uko pwani itafutie kivuli cha alasiri. Lakini seji ya jikoni, Salvia officinalis, imezoea vilima vikavu vya mawe vya pande za Mediterania. Ukiinyeshea kila jioni, mizizi inaoza. Changanya kokoto kwenye udongo, samadi kidogo tu, na usimwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke.

Ninyi wa Lushoto na Limuru, anzeni na Salvia leucantha. Kwao Mexico, mashuke yake ya zambarau ni laini kama mahameli, na inapita mita moja. Ikimaliza maua ikateni karibu na ardhi, msiionee huruma. Kuizidisha ni rahisi: tawi lisilo na ua, sentimita 10, likate chini kidogo ya kifundo, pale majani yanapochomoza, pukuta majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini.

Milimani kwetu inaota Salvia nilotica. Maua yake madogo, ndiyo maana wauza miche hawahangaiki nayo. Mimi naipenda.

Sasa nipeni njiti ya kiberiti. Hili ni ua la seji. Naisukuma njiti kooni, taratibu... Mmeona kilichoshuka kutoka mdomo wa juu? Ndani mna wenzo. Nyuki akiingiza kichwa kufuata nekta, anausukuma, nao unampaka chavua mgongoni. Anaondoka nayo hadi ua lingine.

Vipandikizi viko kwenye ndoo pale mlangoni. Vya leucantha jichukulieni, vya seji kimoja kimoja tafadhali.