Koti au mwendo? Kompyuta inayokujua unavyotembea

MWANAIDI: Karibu tena, msikilizaji. Mimi Mwanaidi, na kaka Hamisi yupo hapa kama kawaida. Kaka, kabla hujaanza mambo yako ya kompyuta, ngoja nikupe aibu yangu ya juzi.

HAMISI: Lete, dada. Hiyo nina hamu nayo kuliko mada yenyewe.

MWANAIDI: Niko barabarani, mbele yangu namwona shoga yangu kanipa mgongo. Uso siuoni, ila mwendo ni wake mtupu: bega moja limeshuka, mguu wa kulia anautupa nje kidogo. Nikamwita kwa lile jina la utani, lile lisilotamkwa mbele za watu. Kageuka, kumbe ni binti yake! Kavaa koti la mama yake.

HAMISI: (anacheka) Na jina kalisikia?

MWANAIDI: Kalisikia vizuri sana. Sasa nijibu wewe mtu wa maabara: pale nilidanganywa na mwendo, au na koti?

HAMISI: Mungu akupe nini, maana hiyo ndiyo mada ya leo. Watafiti wa utambuzi kwa mwendo wanabishana juu ya swali hilo hilo miaka mingi sasa, wao wanaliuliza kwa hesabu tu. Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1973, Uswidi, mwanasaikolojia Gunnar Johansson aliwabandika watu nukta zinazong'aa kwenye viungo: bega, kiwiko, nyonga, goti, kifundo. Akawarekodi gizani wakitembea. Kwenye filamu hakuna mtu, kuna nukta kumi na kitu. Zikitulia, unaona kama mtu kamwaga shanga. Zikianza kusogea tu, anayetazama anasema hapo hapo, "Huyo ni mtu anatembea."

MWANAIDI: Anajua ni mtu. Je, anajua ni nani?

HAMISI: Hilo walilijaribu James Cutting na Lynn Kozlowski, 1977, Marekani. Walichukua watu wanaofahamiana, wakawaonyesha nukta za wenzao. Walipatia asilimia 38, wakati kubahatisha tu kungewapa kama 17.

MWANAIDI: 38? Shuleni hiyo ni kufeli.

HAMISI: Ni kufeli, lakini kumbuka hawana uso, hawana nywele, hawana nguo. Wana nukta tupu! Kwa hiyo ndani ya mwendo wenyewe kuna kitu cha mtu. Si kingi, ila kipo.

MWANAIDI: Hilo hata lugha yetu inalijua. Kuna anayenyata, kuna anayechechemea, kuna anayejikongoja, kuna anayeburura miguu, kuna anayetembea kwa madaha. Ukilisema neno lenyewe, mtu ashakujia machoni.

HAMISI: Kabisa. Sasa kompyuta haina maneno hayo, ina pikseli, vile vidoa vidogo vinavyounda picha. Kwanza inamng'oa mtu kutoka kwenye mandhari. Inabaki picha ya rangi mbili: mtu mweupe, vingine vyote vyeusi. Sisi tunaiita kivuli, ingawa ni kivuli cheupe, usiniulize kwa nini. Uso umekwenda, rangi ya nguo imekwenda. Halafu unachukua mzunguko mmoja wa mwendo, tangu kisigino cha kulia kinapogusa chini mpaka kinapogusa tena. Kwa mtu mzima anayetembea kawaida ni kama sekunde moja. Vivuli vyote vya ile sekunde unavilinganisha kimo, unavipandanisha, kisha unatafuta wastani wa kila pikseli. Unapata picha moja. Njia hiyo ilitolewa na Ju Han na Bir Bhanu mwaka 2006, na mpaka leo mwanafunzi wa fani hii huanzia pale.

MWANAIDI: Ikoje hiyo picha? Nieleze kama mtu asiyeiona.

HAMISI: Kichwa na kiwiliwili ni vyeupe pe, kwa sababu vimekaa palepale muda wote. Kuanzia nyonga kushuka, weupe unafifia, unakuwa kijivu, unatanuka kama upepeo uliogeuzwa. Ndiyo miguu hiyo, imepita kila mahali na haikukaa popote. Mikono ni ukungu mwembamba mbele na nyuma ya kiuno. Mtu anayerusha mikono ana ukungu mpana. Anayetembea mikono mifukoni hana kitu pale.

MWANAIDI: Hebu subiri. Umesema kichwa na kiwiliwili vimetulia, na ndivyo vyeupe zaidi. Sasa hapo mwendo uko wapi? Nusu ya picha ni umbo la mtu, si kutembea kwake!

HAMISI: Umepashika penyewe. Mtu mnene, mtu mrefu, mtu aliyefuga nywele nyingi, vyote vimo. Na nguo zimo pia, siyo rangi yake bali mkato wake. Ukivaa koti refu, ule upepeo wa miguu unafunikwa nusu.

MWANAIDI: Koti tena.

HAMISI: Koti hasa. Kuna seti ya data maarufu ya Chuo cha Sayansi cha China, CASIA-B, ina watu 124 waliorekodiwa na kamera 11 kutoka pembe mbalimbali. Kila mmoja alitembea mara kumi: mara sita kawaida, mara mbili na begi, mara mbili na koti. Mwaka 2019 ikatoka programu inaitwa GaitSet, ya mtandao wa nyuroni, yaani programu inayojifunza yenyewe kwa kuonyeshwa mifano, ikasifiwa sana, na ilistahili. Mtu akitembea kawaida, ilimtambua kwa usahihi wa asilimia 95. Akiwa na begi, 87.2. Akivaa koti, 70.4.

MWANAIDI: Mtu yule yule?

HAMISI: Yule yule, miguu ile ile, kamera zile zile.

MWANAIDI: Basi alama karibu 25 zimeliwa na koti.

HAMISI: Tusiwaonee lakini. Koti zito nalo linabadilisha mwendo kidogo, mikono haiendi kama kawaida. Ila si kwa kiasi hicho. Mengine ni kwamba mashine ilikuwa inasoma umbo tukidhani inasoma hatua.

MWANAIDI: Wewe hukuwahi kudanganywa hivyo?

HAMISI: (kimya kidogo) Dada, hii sijawahi kuisema hewani. Nikiwa mwanafunzi, nilirekodi wenzangu kwenye korido, kila mtu siku yake. Nikafundisha mfumo wangu, ukapatia karibu kila kitu. Nikamwita msimamizi wangu mbio. Yule mama akatazama jedwali, hata hakukaa. Akaniuliza, "Video za kufundishia na za kupimia ulizitenganishaje?" Nikamwambia nilichanganya fremu zote, yaani picha moja moja za kila video, kisha nikagawa. Akatikisa kichwa, akaondoka.

MWANAIDI: Mbona sielewi kosa?

HAMISI: Fremu mbili zinazofuatana kwenye video moja ni kama mapacha. Moja ikienda kufundishia na nyingine kupimia, mashine inafanya mtihani ambao majibu yake ishayaona. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa na siku yake, mashine ilitosheka kujua mwanga wa siku ile na suruali ya siku ile. Nikawaita wenzangu warudi siku nyingine, nguo nyingine. Matokeo yalianguka mpaka nikaona haya kuyachapisha. Mwenzangu mmoja alikuwa amenyoa tu nywele zake nyingi, mfumo ukamwita jina la mtu mwingine asubuhi nzima.

MWANAIDI: (anacheka) Pole, kaka. Kumbe tuko wawili wa kuita watu majina yasiyo yao.

HAMISI: Hata wakubwa yamewakuta. Sudeep Sarkar na wenzake walichapisha mwaka 2005 changamoto iliyofadhiliwa na DARPA, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, watu 122, majaribio 12 kutoka jepesi hadi gumu. Walibadilisha viatu, pembe ya kamera, mkoba, wakawatembeza kwenye saruji na kwenye majani, wengine wakawarudisha baada ya miezi. Mfumo wao wa msingi, ule wa kulinganishia mingine, ulipata asilimia 78 kwenye jaribio jepesi. Kwenye gumu, miezi ikiwa imepita, asilimia 3.

MWANAIDI: Tatu! Hiyo si bora kutupa karata?

HAMISI: Bado inaishinda karata, kwa watu 122. Lakini kwa shida. Na usiniambie hiyo ni zamani. Mwaka 2022 ikatoka Gait3D, watu 4,000 wanaofanya manunuzi yao kwenye duka kubwa, kamera 39, wanasukuma vitoroli, wanasimama, wanageuka. Ile GaitSet ya asilimia 95, ilipofundishwa na kupimwa pale, ilipata kama 37. Zimekuja mpya zinazofanya vizuri zaidi, ila pengo hilo ndilo lililowaamsha watu.

MWANAIDI: Sasa nikisoma kampuni inajinadi, nifanyeje? Nakumbuka ile ya China, Watrix.

HAMISI: Ndiyo, mwaka 2018 waliliambia shirika la habari la AP kwamba wanamtambua mtu hadi mita 50, kwa usahihi wa asilimia 94. Mimi sisemi wanadanganya. Nauliza tu: walikuwa watu wangapi, walivaa nini, na walirekodiwa tena baada ya muda gani? Wakikosa jibu la lile la mwisho, mimi naendelea na chai yangu.

MWANAIDI: Na mahakamani je? Maana hapo mtu anafungwa.

HAMISI: Uingereza ushahidi wa mwendo ulikubaliwa mahakamani tangu mwaka 2000, lakini huko alikuwa mtaalamu wa miguu anatazama video kwa macho yake, si kompyuta. Mwaka 2017 Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko, na wenzao wa Edinburgh wakatoa mwongozo kwa mahakimu, wakasema wazi kwamba msingi wa kisayansi wa ushahidi huo ni mdogo mno.

MWANAIDI: Mimi kinachonitia baridi ni kingine. Alama ya kidole naitoa mwenyewe, nabonyeza. Mwendo nachukuliwa. Sijaulizwa, na kamera iko mbali hata siioni.

HAMISI: Na huutoi peke yake. Mwendo una habari za afya ndani yake. Mgonjwa wa Parkinson, mkono mmoja unaweza kuacha kurushwa mapema, hatua zikafupika. Kwa daktari hiyo ni neema. Kwa mwajiri anayetazama kamera za getini ni jambo jingine. Ulaya sheria yao ya akili mnemba ya 2024 imewabana polisi kuwatambua watu kwa mbali papo hapo hadharani, ingawa imeacha milango ya dharura, na mwendo umo, siyo uso tu.

MWANAIDI: Nikitia kijiwe kwenye kiatu?

HAMISI: Utachechemea, mfumo utayumba. Na wewe utaumia kabla yake. (anacheka) Kijiwe hakifichi urefu wako wala mabega.

MWANAIDI: Basi nijibu swali langu. Nilisoma koti, sivyo?

HAMISI: Siwezi kusema hivyo. Watoto huchukua mwendo wa wazazi wao, lile bega lililoshuka huenda ni lake kweli. Mpigie simu, mwambie arudishe koti, kisha apite tena barabara ile ile akiwa amekupa mgongo.

MWANAIDI: Baada ya lile jina? Hapokei simu yangu, kaka.