Nukta Mbili, Kwasa Moja: Namna ya Kuithibitisha Lenzi ya Mvutano

Mabibi na mabwana, mvutano (graviti) wa kitu kizito hupinda nuru inayopita karibu nacho, kama lenzi; hiyo ndiyo lenzi ya mvutano. Nianze na kanuni ya Einstein ya pembe ya mpindo huo, maana ni fupi. Zidisha 4 kwa kizio cha mvutano G na tungamo la kitu. Gawanya kwa mraba wa kasi ya nuru, kisha kwa umbali kati ya mwale na kitovu cha kitu hicho. Kwa mwale unaopita kwenye ukingo wa Jua, jibu ni sekunde 1.75 za pembe, na digrii moja ina sekunde 3,600. Fizikia ya Newton hutoa nusu tu ya hapo. Vipimo vya kupatwa kwa Jua tarehe 29 Mei 1919, kule kisiwani Príncipe, Afrika, na mjini Sobral, Brazili, viliangukia upande wa Einstein.

Angalieni huo umbali: uko chini ya mgawanyo, kwa hiyo mwale wa mbali hupinda kidogo na wa karibu hupinda zaidi. Lenzi mbinuko ya kioo hufanya kinyume. Basi galaksi ikiwa lenzi haina fokasi moja, yaani mahali pamoja ambapo mialé yote hukutana. Hutoa picha mbili, nne, tao, au pete pale chanzo cha nuru, galaksi na sisi tukiwa mstari mmoja.

Sasa, ukiona nukta mbili jirani, utajuaje kama ni kitu kimoja? Mwaka 1979 wanaastronomia Walsh, Carswell na Weymann walikumbana na swali hilo kwenye kwasa (kiini angavu mno cha galaksi ya mbali) Q0957+561, nukta mbili zilizoachana sekunde 6 hivi za pembe; tuziite picha A na picha B. Kwanza pima spektra ya kila nukta, yaani nuru yake iliyotawanywa kirangi: mistari yake ikae mahali pamoja. Rangi msiiamini sana. Mvutano hupinda rangi zote sawa, lakini vumbi la galaksi ya katikati hula bluu, na picha moja ikaonekana nyekundu kuliko mwenzake. Kisha itafute galaksi yenyewe inayopinda nuru.

Kipimo kigumu ni muda. Mwangaza wa kwasa hupanda na kushuka, na picha ya pili hurudia yaleyale baadaye, kwa kuwa njia za nuru ya picha hizo mbili na mvutano unaopitiwa havilingani. Hapa watu walibishana miaka mingi: picha B huchelewa siku mia nne na ushee, au mia tano na ushee? Kila mwaka kuna majira ambayo kwasa haipimiki vizuri usiku na data hubaki na mapengo. Zaidi ya hayo, nyota mojamoja za galaksi ya katikati hukuza mwangaza wa picha moja peke yake, na badiliko hilo halina mwenzake upande wa pili. Ukililinganisha kwa nguvu, utapata jibu la uongo.

Kilichomaliza ubishi ni mporomoko mkali wa mwangaza ulioonekana kwenye picha A Desemba 1994. Utabiri ukatolewa mapema: picha B ishuke mwanzoni mwa 1996 kama ni siku mia nne na ushee, la sivyo katikati ya mwaka. Ilishuka Februari. Ucheleweshaji: siku 417.