Miwani Ikijaa Maji: Kumfundisha Mtu Kuzamia

Ndugu zangu, karibuni. Utamu wa kuzamia mnaujua. Mmekuja kujifunza kuufundisha. Nitagusa shinikizo kidogo, kisha nikae kwenye zoezi moja, maana hapo ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa.

Juu ya maji tunabeba shinikizo la angahewa 1. Baharini, kila mita 10 huongeza jingine kama hilo. Hewa inayojaza mapafu kwenye mita 10 hutaka nafasi mara mbili ukifika juu. Ndiyo maana tunasema: usizuie pumzi kamwe. Hata bwawani; mita moja na kitu inatosha kuchana mapafu ya aliyeibana. Masikio nayo yasawazishwe kabla hayajauma: abane pua, apulize polepole. Yakigoma apande kidogo, asilazimishe.

Sasa miwani, ile inayofunika macho na pua. Maji yakiingia, mwanafunzi abonyeze ukingo wa juu kwenye paji la uso, apulize kwa pua mfululizo huku akiinua uso taratibu. Hewa hukaa juu, maji husukumwa nje kwa chini. Anayeshindwa, mara nyingi, anapuliza kwa mdomo, na hewa yote inatokea kwenye kipumulio, kile kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi. Mwingine huinua ukingo wa juu badala ya kuubonyeza, hewa ikamtoroka.

Lakini hofu yenyewe inatoka puani. Maji yakigusa pua, mtu huvuta hewa kwa pua bila kukusudia, anapaliwa, kisha anakimbilia juu. Kumwambia atulie hakumsaidii. Mrudishe kwenye maji ya kiunoni, bila miwani, kipumulio mdomoni, uso majini, avute na kutoa kwa mdomo dakika nzima. Akizoea, miwani iingie maji robo, kisha nusu, kisha ijae, mwisho aivue kabisa. Ngazi hizi msiziruke hata kama wenzake wanasubiri. Mimi naona mwalimu mwenye haraka ni hatari kuliko mtungi mbovu, kwa sababu mtungi utaukagua kabla ya kushuka.

Kaeni umbali wa mkono. Tazameni mapovu: yakikatika, amebana pumzi. Tazameni macho: yakitoka pima, anaelekea kukimbia. Akichomoka, shika mkanda wa jaketi lake la kuzamia, punguza mwendo wake, na hakikisha anatoa hewa njia nzima.

Kisha siku moja maji yanashuka kwenye kioo, anafumbua macho na kukuona. Anaunganisha kidole gumba na cha shahada: niko salama. Mabega yaliyokuwa yamepanda masikioni yanashuka, na mapovu yanatoka marefu, yamepoa. Furaha ya kumwona mtu akifika hapo haina mfano katika kazi hii. Mpongeze, kisha mwonyeshe kwa mkono: mara moja tena.