Sarafu za Bukhara: Uso wa Mfalme, Jina la Khalifa

Mabibi na mabwana,

Kiswahili hutumia neno moja, fedha, kwa madini yenyewe na kwa kile tunachonunulia unga. Leo nitazungumzia mji ambamo maana hizo mbili zilitengana: Bukhara, katika Asia ya Kati, karne ya 8.

Tuanze na dirhamu yake, yaani sarafu ya madini ya fedha. Upande mmoja una kichwa cha mfalme aliyevaa taji, na upande wa pili una madhabahu ya moto. Sura hizo zilinakiliwa kutoka sarafu za Bahram wa 5, mfalme wa Kisasani aliyeitawala Uajemi tangu 420 hadi 438, ila maandishi ya Kisogdi, lugha ya wenyeji, yaliyo kando ya uso yanamtaja bwana wa Bukhara mwenyewe.

Qutayba bin Muslim, jemadari wa Kiarabu, aliuteka mji huo mwaka 709, wakati khalifa Abd al-Malik alikwisha kuondoa sura za watu katika dirhamu na kuweka maandishi tu ya imani. Ungedhani moto wa majusi, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, ungefutwa mara moja, lakini haukufutwa. Kilichofanyika ni kwamba, chini ya Waabbasi, ukoo wa makhalifa uliofuata, jina la al-Mahdi, khalifa wa 775 hadi 785, lilichongwa kwa Kiarabu kando ya kichwa kile kile cha zamani. Sioni hapo uvumilivu wa dini, naona mtawala aliyejua kwamba mchuuzi huipokea sarafu aliyoizoea mkononi.

Kisha mwaka 792 akaja liwali Ghitrif bin Ata, mjomba wa khalifa Harun al-Rashid. Narshakhi, mwanahistoria wa Bukhara, anasimulia kwamba wenyeji, kwa kuwa fedha yao ilikuwa ikihamishwa, walimwomba sarafu ambayo haitatoka mjini. Akachanganya dhahabu, fedha, risasi, bati, chuma na shaba, akaifua kwa sura zile zile za mfalme na moto. Ikatoka nyeusi, na watu wakaikataa, mpaka liwali akaamuru kwamba sita zihesabiwe sawa na dirhamu moja safi, na serikali ikaipokea kwa kiwango hicho.

Kodi ya mji, iliyokuwa pungufu kidogo ya dirhamu 200,000, ikahesabiwa upya kwa sarafu nyeusi. Baadaye sarafu hiyo ikapanda hadi kulingana na fedha safi, lakini watoza kodi hawakurudi kwenye hesabu ya awali: waliendelea kudai zile nyeusi, zaidi ya 1,000,000.